Kanda Yenye Alama ya Kiti

Msomaji wangu, ulipolikunja gazeti juma lililopita, kompyuta ilikuwa imetoa maneno manne tu, meupe juu ya weusi: HAIMO KATIKA HIFADHI HII.

Mzee Kanda alikuwa bado ameinamia kioo cha mashine, mdomo wazi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe na ndiye fundi wa mitambo pale ofisini, kidole chake kilikuwa bado juu ya kibodi. Na Mkurugenzi wa Makaburi na Bustani alikuwa ameshaanza kutafuta wa kumlaumu.

"Nani ameiba rejesta?" akafoka.

Aliyeifuta kila mtu alimjua, na alikuwa amesimama katikati ya chumba akiuliza. Wiki mbili nyuma Mkurugenzi aliingia kwenye mashine akafuta alichokiita "takataka za zamani," apate pa kuweka picha zake za semina na sherehe. Takataka yenyewe ndiyo rejesta ya wafu wa mji mzima. Tumaini lililobaki lilikuwa kanda ya sumaku, ile inayonakili mafaili ya mashine kila jioni.

Kama gazeti lako la juma lililopita lilifungiwa misumari dukani, si kosa lako. Katika mji huu makaburi hayana majina. Mkurugenzi alipokalia kiti chake alisema majina yanaharibu mandhari, kila jiwe na mwandiko wake kama kuta za choo cha stendi. Akaamuru mawe yang'olewe, vikachomekwa vibao vya bati vinavyofanana, kila kimoja na namba. Nani kalala chini ya namba gani, rejesta peke yake ndiyo iliyojua.

Sasa rejesta hakuna, na tangazo limebandikwa getini: namba yoyote isiyothibitishwa kwa rejesta ifikapo saa tisa alasiri ni kaburi lisilo na mwenyewe. Tingatinga litapita, na patakuwa maegesho ya magari ya wageni wa idara.

Mke wa Mzee Kanda alikuwa namba mia sita na kumi na saba. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo asubuhi.

"Shemeji," Mzee Kanda akasema, "umeiitaje?"

"Nimeiita kwa jina lake kamili. Kistari mshazari cha mwanzo, folda, folda ndani ya folda, mpaka jina la faili."

"Na kanda inasema haimjui mtu huyo."

"Haimjui."

"Labda haimjui kwa jina hilo. Hata mimi ukiniita barabarani kwa jina la kwenye kitambulisho, sigeuki."

Fundi akamtazama. Shule Mzee Kanda aliiacha darasa la nne, au shule ndiyo iliyomwacha, hilo hakulifuatilia. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kutia kanda kwenye mashine na kuzitoa. Tangu mfagiaji apunguzwe kazi, alifagia pia.

"Shemeji, ipo siku utasema neno la maana watu wazimie."

"Nalisema kila siku. Wenye masikio wamepandishwa vyeo wakahama."

Mkurugenzi akajikohoza.

"Nilikosea," fundi akasema. "Ilibidi niorodheshe kwanza kilichomo, ndipo nitoe. Nimekimbilia kutoa kwa kukisia."

"Kuorodhesha kunachukua muda gani?" Mkurugenzi akauliza.

"Dakika arobaini. Kanda si kitabu, Bwana Mkurugenzi, huwezi kupasua katikati. Inasomwa tangu mwanzo wa utepe mpaka mwisho."

"Basi orodhesha nusu."

Katibu muhtasi wa Mkurugenzi, aliyekuwa mlangoni na daftari lake, akainamisha uso kama anayetafuta sindano sakafuni.

Wakaorodhesha yote. Kanda ikazunguka, majina yakapanda kwenye kioo kama siafu ukutani. Kompyuta ile ilikuwa ya Unix, mashine isiyo na kengele wala picha za kubofya. Ukiikosea haikugombezi. Inakujibu neno moja na kukusubiri ukue.

Saa tano kasoro dakika tano fundi akapiga meza. "Huyu hapa!"

Jina lilikuwa lile lile, ila halikuwa na kistari cha mwanzo. Kumbe programu ya kuhifadhi hukikata yenyewe wakati wa kuweka, ili siku ya kurudisha mtu asije akatua juu ya mafaili ya leo na kuyafukia kwa ya jana. Ukitaka kutoa, uite kwa jina lililokatwa. Kistari kimoja tu, msomaji, upana wa ukucha, na wafu elfu kumi na moja walitaka kulala nje.

"Kumbe ilikuwa ndiyo hiyo tu!" Mkurugenzi akasema, kifua kikarudi mahali pake. "Katibu, andika taarifa kwa vyombo vya habari. Chini ya uongozi wangu thabiti..."

Fundi akafungua folda mpya pembeni, ili kitakachotoka kisichanganyike na kitu kingine, akaiita rejesta kwa jina lake fupi. Dakika arobaini nyingine zikaenda. Taarifa ya Mkurugenzi ikafika ukurasa wa pili.

Saa sita kasoro ishirini, faili likatoka. Mkurugenzi akapiga makofi peke yake.

Fundi hakupiga. Alikuwa anatazama kioo kama mtu aliyefunua sufuria akakuta kijiko.

"Shemeji, kuna nini?"

"Ina herufi ishirini na tatu."

"Zipi?"

"Zote. Rejesta nzima ina herufi ishirini na tatu."

Mzee Kanda akahesabu kwa vidole, akaacha. "Watu elfu kumi na moja?"

"Hii si rejesta, Shemeji. Hiki ni kibao cha njia. Umefika kwenye nyumba, umekuta mlangoni wameandika: tumehamia kule. Ukienda kule, ndiko ambako Bwana Mkurugenzi amefuta."

Mambo yalikuwa hivi. Miaka mitatu nyuma idara ilinunua diski mpya. Kukawa na sherehe, utepe ukakatwa, kaimu akamshukuru mkurugenzi na mkurugenzi akamshukuru kaimu. Rejesta ikahamishiwa diski mpya. Kule ilikotoka pakaachwa kibao cha kuelekeza, ili anayeiita kwa anwani ya zamani aelekezwe kwenye mpya. Kazi safi. Ila hakuna aliyeiambia kanda. Kila siku jioni kanda ilienda nyumba ya zamani, ikakikuta kibao, ikakihifadhi, ikarudi kulala.

"Kwa hiyo," Mkurugenzi akauliza polepole, "miaka mitatu tumekuwa tukihifadhi nini?"

"Kibao, Bwana Mkurugenzi. Kwa uaminifu mkubwa."

Ukutani, nyuma ya kichwa chake, vilining'inia vyeti viwili vya Utunzaji Bora wa Kumbukumbu. Fremu zake zilikuwa nzito kuliko kanda.

"Bosi," katibu muhtasi akauliza, "taarifa niifute?"

"Usifute. Badilisha kichwa. Andika: Hujuma."

Simu ya Mzee Kanda ikalia. Alikuwa dereva wa tingatinga, yule aliyemwahidi juma lililopita kwamba ataanzia upande wa mbali.

"Mzee, nimeshawasha. Mimi natumwa tu, unajua."

"Najua, mwanangu. Wote wanaotubomolea wametumwa. Anayetuma tu ndiye hajawahi kuonekana na koleo."

"Nitakwenda taratibu. Lakini nipate karatasi yenye muhuri kabla ya saa tisa, la sivyo sina la kuwaambia."

Mzee Kanda akakata simu, akaenda kwenye kabati. "Shemeji, kanda ya kabla ya ule utepe kukatwa inakufaa?"

"Inanifaa mno! Iliyohifadhiwa jioni ya kuamkia siku ile, kabla hawajahamisha. Ina rejesta yenyewe, na dada yumo, maana alikuwa ameshazikwa mwaka mzima. Lakini iko wapi?"

Fundi akafungua milango ya kabati, akashika kichwa.

Kanda mia tatu na zaidi, zile ambazo hazikuandikwa upya, zilikuwa zimepangwa kwa rangi. Nyekundu juu, kijani katikati, buluu chini, zimenyooka kama gwaride. Hakuna hata moja yenye lebo.

"Lebo zilikuwa zimechakaa," Mkurugenzi akasema. "Ule ukaguzi wa mwaka jana ungetuaibisha. Nikaagiza zibanduliwe. Wakaguzi walisifu sana kabati hili."

"Waliuliza hata moja ina nini?"

"Walipiga nalo picha."

Fundi akakaa chini sakafuni. Kusoma kanda mia tatu kwa dakika arobaini arobaini, hata tingatinga lingestaafu kwanza.

Mzee Kanda hakukaa. Alianza kutoa kanda moja moja, anageuza, anapapasa tumbo la kasha kwa kidole gumba, anarudisha. Nyekundu, anarudisha. Buluu, anarudisha.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Natafuta kiti."

"Kaa tu sakafuni kama mimi."

"Si cha kukalia. Wewe hujui. Mambo ya wakubwa hubandikwa kwa gundi. Yangu nayachora kwa msumari."

Kumbe miaka kumi na tisa Mzee Kanda hakuwahi kuziamini lebo. Kila kanda aliyoitoa kwenye mashine aliikwaruza alama yake chini ya kasha. Siku ya mvua, matone. Siku ambayo mshahara ulichelewa, duara tupu, na matupu yalikuwa mengi. Siku mkewe alipolazwa, kitanda. Siku alipofariki hakuchora kitu, kwa kuwa hakuja, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha kanda.

"Na siku ya utepe?"

"Asubuhi nilipotoa kanda nilitaka kukaa niichore. Nikakuta kiti changu hakipo. Walivichukua viti vyote vya chumba hiki kwenda kuwakalisha wageni. Nikaichora nimesimama. Nikachora kiti."

Ilikuwa ya kijani, safu ya katikati, karibu na mwisho. Kiti chenyewe kilikuwa na miguu mitatu tu, maana wa nne msumari uliteleza.

Saa saba na dakika ishirini kanda ya kiti ikaingia kwenye mashine. Mashine ikanguruma, ikajibu: HII SI HIFADHI.

"Imeoza!" Mkurugenzi akasema, na sauti yake, nakuapia msomaji, ilikuwa na nafuu ndani yake.

Mzee Kanda aliisikia nafuu ile. Akaiweka moyoni kama mtu anayeokota skrubu bila kujua imetoka kwenye mashine gani.

"Haijaoza," fundi akasema. "Kanda ya zamani iliandikwa kwa mafungu makubwa, na mimi naisoma kwa madogo. Ni kama kupitisha gunia kwenye mlango wa kuku. Nikiijua saizi tu ya fungu... Fundi aliyenitangulia hakuandika mahali?"

"Alikuwa haandiki, anaimba. Kabla ya kubonyeza chochote anaimba sitini na nne, sitini na nne. Sisi tukadhani ni umri wa mama mkwe wake."

Fundi akaandika sitini na nne. Kanda ikaguna, ikashika, ikaanza kwenda.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "dada alikuwa akisema alikupendea masikio. Sikumwelewa."

"Mimi aliniambia alinipendea miguu."

Kanda ilikwenda polepole kwa sababu ya uzee wake. Mkurugenzi alitembea dirishani, akarudi, akatazama saa, akatazama mashine. Mara mbili alisema labda ingefaa kuipumzisha mitambo. Katibu muhtasi alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa anamtazama bosi wake anavyofuta jasho ndani ya chumba ambacho ndicho pekee chenye kiyoyozi jengo zima.

Saa tisa kasoro dakika ishirini na tano, kanda ikasimama.

DISKI IMEJAA.

"Imejaa nini?" Mzee Kanda akauliza.

Fundi akachungulia. "Picha. Elfu nne mia nane na kumi na mbili. Mkurugenzi akikata utepe. Mkurugenzi akishika mkasi kabla ya kukata utepe. Mkurugenzi na mkasi peke yake."

"Hizo ni historia ya idara," Mkurugenzi akasema.

"Kilichotoka kimetoka," fundi akasema. "Rejesta imekatika njiani, lakini tusome ilipofika. Tuombe imefika mia sita."

Akafungua faili. Majina yakashuka, watu wakarudi mmoja mmoja kwenye namba zao. Mia nne. Mia tano. Mia sita na moja. Fundi alipunguza mwendo. Mzee Kanda alivua kofia, na hakuna aliyemwambia avue.

Mia sita na kumi na sita, muuza mkaa, baba wa watoto saba.

Mia sita na kumi na saba.

"Huyu hapa, Shemeji! Dada huyu hapa! Mshonaji nguo, umri miaka hamsini na mbili, mke wa mtunza kanda wa idara." Fundi akagonga kioo cha mashine kwa kidole. "Yupo! Piga muhuri, Bwana Mkurugenzi, piga sasa hivi!"

Mkurugenzi hakusogea. Mzee Kanda naye hakusogea. Macho yake yalikuwa yameshuka mstari mmoja chini, yakisoma taratibu kama yanavyosoma siku zote, neno kwa neno, kwa kidole.

"Shemeji," akasema. "Hapa pameandikwa nini?"

Fundi akasoma, na kila neno lilitoka dogo kuliko lililotangulia.

"Mwili umehamishwa kwa amri ya Mkurugenzi. Tarehe yake ni siku mbili kabla ya sherehe. Umepelekwa namba..."

"Namba ngapi?"

"Basi. Hapo ndipo diski ilipojaa."

Mzee Kanda alikumbuka. Wiki ya utepe makaburi yalifungwa siku kumi, "kwa ukarabati." Yalipofunguliwa Jumapili iliyofuata hakukuta jiwe wala jina, alikuta bati na namba. Karani wa getini akamwambia mkeo ni mia sita na kumi na saba. Akapanda maua pale. Akayamwagilia kila Jumapili kwa miaka mitatu, na alikuwa na mazoea ya kukieleza kile kibao habari za wiki.

"Kibao," akasema. "Na mimi nilikuwa nahifadhi kibao."

"Nina semina," Mkurugenzi akasema, akachukua miwani yake.

Lakini katibu muhtasi alikuwa ameshasogeza kiti, akakiweka katikati ya mlango, akakikalia.

"Leo huna, Bosi. Ratiba ninaiandika mimi."

"Ondoka hapo!"

"Baba yangu ni namba mia sita na kumi na nane. Nataka nami nisome mstari wake."

Fundi aligeuka. "Nikifuta picha, nafasi inapatikana, naanza kutoa upya. Ila folda ile imefungwa kwa neno la siri la Mkurugenzi."

"Nimelisahau," Mkurugenzi akasema haraka. "Kwa kweli nimelisahau kabisa."

"Usisumbuke, Bwana Mkurugenzi," Mzee Kanda akasema. "Liko chini ya kioo cha meza yako, kushoto, pembeni ya picha yako. Nafuta vumbi pale kila asubuhi. Ni cheo chako, na namba moja mbele yake."

Fundi akaandika cheo na namba moja. Mashine, ambayo haijui bosi wala mfagiaji, ikafunguka. Elfu nne mia nane na kumi na mbili zikaondoka kwa pumzi moja, na Mkurugenzi akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Kanda ya kiti ikarudishwa mwanzo, ikaanza kuzunguka tena.

Saa tisa kasoro dakika tano simu ikalia.

"Mzee," dereva akasema, na nyuma yake tingatinga likinguruma, "nimefika mia sita na kumi na saba. Niambie. Una karatasi yake? Kaburi ni lako?"

Fundi alitikisa kichwa: bado dakika hamsini. Katibu alishika miguu ya kiti. Mkurugenzi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwambie ukweli, Mzee," akanong'ona. "Si lako. Rejesta yako mwenyewe imesema."

Mzee Kanda alitazama kanda inavyozunguka. Aliyelala pale ni nani, hakujua. Alijua tu kwamba amemsimulia mambo mengi, na hajawahi kukatizwa.

"Zima mashine, mwanangu," akasema. "Aliyelala hapo ni wangu mpaka nijue ni wa nani. Karatasi utaletewa, na muhuri wake, na aliyeupiga."

Mngurumo ukakatika. Kisha dereva akarudi, sauti chini.

"Basi njoo upesi, Mzee, kabla mambo hayajaharibika. Kuna mama mmoja hapa amelala kifudifudi mbele ya tingatinga langu. Anasema namba hii ni ya mumewe. Anasema miaka mitatu kila Jumatatu akija anakuta udongo umelowa na maua yamekatwa vizuri, na hajawahi kumpata mwenye kufanya hivyo."

"Anasemaje?"

"Anauliza, ni nani huyo anayemmwagilia mume wake maji? Na anasema, kama ni wewe, yeye anajua mkeo alipo."